Barua ya Wazi kwa Wafanyabiashara wa Mifugo wa Kiamaiko: Kabla Hamjalipia Lori la Maji

Kwa wazee wa soko, wenye vichinjio, madalali, akina mama wa matumbo na supu, madereva, na vijana wa kupakia na kushusha mbuzi, Kiamaiko, Nairobi.



Ninaandika kuhusu mchango wetu wa kununua lori la kuwapelekea maji wafugaji wa kaskazini wakati wa ukame. Fedha zimeanza kutosha, na tayari watu wanapita kwenye yadi za magari yaliyotumika. Kila anayerudi ana picha kwenye simu: hili ni bei nafuu, hili lina tangi tayari, hili mwenyewe ana haraka ya kuuza. Mchango huu nauunga mkono kwa moyo wote, na mimi ni mmoja wa waliotoa. Nia ya barua hii ni kwamba fedha zetu zisinunue gari litakalokaa juu ya mawe huko Maikona, Marsabit, tangi tupu, ukame ukiwa haujafika hata katikati.

Mgeni akipita Kiamaiko huona vichinjio vilivyobanana na nyumba za Huruma na Mathare, damu kwenye mitaro, na umati wa wanunuzi wa hoteli na mabucha. Sisi tunaona zaidi ya hapo. Mbuzi anayeshushwa hapa alfajiri ametoka Marsabit, Moyale, Isiolo, Samburu, Wajir au Garissa, na nyuma yake kuna boma, mchungaji, na mara nyingi kuna mama yetu au ndugu yetu. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, misimu 5 ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame ule kuwa janga la kitaifa tarehe 8 Septemba 2021, na baada ya tangazo hilo watu walikaa zaidi ya mwaka mzima wakingoja mbingu. Nchini kote mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Hapa sokoni tulishusha mbuzi waliokuwa mifupa na ngozi, na wengine wakashushwa wamekwisha kufa, wamelaliwa na wenzao. Mvua iliporudi, familia zilizokuwa zikituletea mbuzi mwaka baada ya mwaka hazikuwa na cha kuleta. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba maji ya Marsabit hayamhusu mchinjaji wa Nairobi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Tumekuwa tukibishana kuhusu aina ya lori, bei na ukubwa wa tangi, lakini sijasikia kikao kikiuliza lori hilo litapeleka maji kwenye malisho gani. Mimi naona swali hilo ndilo la kwanza, na majibu ya mengine yote yanatokana nalo. Wakati wa ukame mfugo hauuawi na kiu peke yake. Mara nyingi unauawa na umbali ulio kati ya maji na nyasi. Penye kisima nyasi zimekwisha kwa sababu kila kundi limekimbilia hapo. Penye nyasi hakuna maji, kwa hiyo hakuna anayeweza kukaa. Lori likipeleka maji mahali palipokwisha kuliwa hadi udongo, litawaweka mbuzi hai siku chache zaidi ili wafe kwa njaa badala ya kiu, na dizeli yetu itakuwa imekwenda. Likipeleka maji penye nyasi, litakuwa limewapa mifugo malisho ya wiki kadhaa ambayo vinginevyo yangebaki kupepea tu.

Mfano tunao nyumbani. Ukingoni mwa Jangwa la Chalbi, kule Kalacha, Maikona na North Horr, kuna chemchemi na visima. Maji yana magadi, lakini yapo hata mwaka mbaya. Juu kwenye Milima ya Hurri, mvua ikinyesha kidogo tu, nyasi huota vizuri na baridi yake huwapa mifugo nafuu, ila hakuna chanzo cha maji ya kudumu. Madimbwi ya mvua yakikauka na mabirika yakiisha maji, wafugaji hulazimika kuteremka na kuziacha nyasi zikiwa zimesimama. Wanarudi chini kwenye visima ambako hakuna cha kula, halafu wanapanda na kushuka mpaka wanyama wanaishiwa nguvu njiani. Lori moja lililopangwa vizuri lingeweza kuwabakiza mbuzi wenye kunyonyesha juu ya Hurri kwa wiki nyingi zaidi. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka tulinunulie lori. Zipo sehemu nyingine za aina hiyo katika Marsabit na Isiolo, na wachungaji wanazijua kuliko mtu yeyote aliye na ofisi Nairobi.

Lakini kufungua malisho si jambo la kuamuliwa na mwenye gari. Kwa Waborana kuna jarsa dedha, wazee wanaosema malisho gani yaliwe lini na yapi yaachwe kwa siku ngumu, na jamii nyingine jirani zina wazee wao wenye kauli kama hiyo. Malisho ya akiba yamelindwa miaka mingi na ukosefu wa maji. Siku lori letu litakapomwaga maji hapo, ulinzi huo utakuwa umeondoka. Makundi yatafuata harufu ya maji kutoka pande zote, na baadhi ya pande hizo hazielewani. Mei 2022 serikali iliweka kafyu Marsabit kwa sababu ya mauaji na wizi wa mifugo. Sisemi maji ndiyo chanzo cha uhasama wote, ila najua maji yakiwekwa mahali pasipokubaliwa huongeza kuni kwenye moto. Kwa hiyo kabla dereva hajawasha injini, wazee wa malisho hayo, wa pande zote zinazoyatumia, wawe wamekaa na kukubaliana. Tuwalipie nauli waje kikaoni, au sisi tuwafuate. Gharama yake ni ndogo kuliko bei ya tairi moja.

Tukishajua malisho, tunajua umbali, na tukijua umbali tunaweza kupiga hesabu. Hebu tuchukue mfano. Kisima kiko kilomita 60 kutoka malishoni, njia mbaya, kwa hiyo kwenda na kurudi ni kilomita 120. Lori linabeba lita 8,000. Likipanda na mzigo na kurudi tupu, kwenye mawe na mchanga, litakula kama lita 50 za dizeli. Mwaka 2023 bei ya dizeli Nairobi ilipita shilingi 200 kwa lita. Tutumie 200 ili hesabu iwe rahisi. Safari moja ni shilingi 10,000, mafuta peke yake. Mbuzi wakati wa joto anahitaji lita 4 au 5 kwa siku. Tukimpa 4, mbuzi 1,000 wanamaliza lita 4,000 kwa siku, maana yake safari moja kila baada ya siku 2. Kwa mwezi hiyo ni shilingi 150,000 za mafuta. Ukame wa miezi 4 ni shilingi 600,000, na mbuzi 1,000 si kundi la nchi nzima. Hapo bado hatujamlipa dereva na utingo, hatujalipa ada ya kisima, hatujabadilisha tairi lililokatwa na mawe meusi ya Marsabit, wala hatujagusa breki, klachi na springi.

Ndiyo maana nasema fedha tulizonazo tusizimalizie kwenye bei ya gari. Ikiwa lori tunalolitaka litameza mchango wote, basi hatujafika bado. Tuendelee kuchanga au tutafute dogo zaidi. Nusu ya fedha ikae benki kwa ajili ya kulitembeza, na matumizi yake yawe na masharti: haitolewi kwa jambo jingine, na inaanza kutumika wazee wa malisho wanapotuma neno, bila kungoja picha za mizoga zifike kwenye simu zetu. Nimeona huko kaskazini malori ya maji yaliyonunuliwa kwa fedha nyingi yakiwa yamesimama kwa kukosa betri, pampu au matairi. Waliotoa msaada wa kununua walipiga picha wakaondoka. Wa kutoa dizeli hakuonekana.

Nirudi kwenye maji yenyewe, kwa maana uzito wake unadharauliwa sana na wanaonunua. Lita 1 ya maji ni kilo 1. Mbuzi unaweza kuwapunguza ukaona lori limepumua, lakini tangi la lita 10,000 likijaa ni tani 10, hakuna majadiliano. Isuzu FRR, ambayo wengi wetu tunaipenda kwa sababu spea zake zipo kila mahali, imetengenezwa kubeba kama tani 11 kwa jumla: gari lenyewe, tangi, pampu, mafuta, watu na maji. Toa uzito wa gari tupu, toa tangi la chuma na fremu yake, kinachobaki ni maji ya lita 5,000, labda 6,000. Na bado utakuta FRR inauzwa ikiwa na tangi lililoandikwa lita 10,000 ubavuni. Muuzaji atasema limefanya kazi hiyo miaka mingi bila shida. Mwambie fundi alale chini yake na tochi. Aangalie chesisi nyuma ya kabini na mahali springi zinaposhikia, kama kuna ufa, kama kuna mahali palipochomelewa na kupakwa rangi mpya. Aangalie springi zilizoongezwa. Chuma hakidanganyi.

Sheria ya uzito inayotumika Kenya na Afrika Mashariki inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya mbele na tani 10 kwenye ekseli moja ya nyuma yenye matairi 4, jumla tani 18 kwa lori la ekseli 2. Lori la ekseli 3, kama Isuzu FVZ, linaruhusiwa tani 26. Wapo watakaosema kwamba kama sheria inaruhusu 18, basi FRR ibebe. Sheria hiyo imewekwa kulinda lami, haiwezi kuongeza nguvu kwenye chuma cha kiwanda. Na wapo watakaosema tuchukue FVZ, tubebe lita 15,000 tumalize mambo. Kwenye lami kati ya Isiolo na Moyale ningekubaliana nao. Ila kazi yetu haiko kwenye lami. Gari zito likizama kwenye mchanga wa Chalbi, au kwenye tope la Chalbi siku mvua imenyesha, litavutwa na nini? Maoni yangu ni lori la ekseli 2 lililo kubwa kuliko FRR, ambalo kiwanda chake kimelipangia uzito wa jumla wa tani 16 au zaidi, tukabeba lita 8,000 na tukaheshimu hesabu hiyo kila siku. Tukipata la kuvuta magurudumu yote kwa bei tunayoiweza, tusiliache.

Kuhusu umri wa gari, kumbukeni kwamba namba ya usajili husema gari lilisajiliwa Kenya lini, haisemi lilitoka kiwandani lini. Magari yaliyotumika yanayoingia kutoka nje hayaruhusiwi kuzidi miaka 8 tangu yaliposajiliwa mara ya kwanza huko yalikotoka, lakini lori lililo hapa nchini linaweza kuwa na miaka 25 na bado likauzwa. Umri peke yake haunitishi. Lori la zamani lenye injini ya pampu ya kawaida, fundi wa mji wa Marsabit atalifungua na kulifunga kwa spana zake. La kisasa lenye sensa na kompyuta, likimeza dizeli ya mtungi yenye mchanga na maji, nozeli zake zitakufa mahali ambapo hakuna mtu wa kusoma kompyuta hiyo. Tununue gari ambalo spea zake zinauzwa Isiolo na Marsabit. Na kilomita zinazoonyeshwa kwenye dashibodi tusizitumie kuamua chochote, kwa sababu kuzirudisha nyuma ni kazi ya dakika chache. Tazameni moshi injini ikiwa baridi, sikilizeni giaboksi likipanda mlima na mzigo, fungueni kifuniko cha mafuta ya injini muone kama kinapumua. Mfanye hivyo tangi likiwa limejaa maji. Muuzaji anayekataa lori lijaribiwe na maji amekwisha kutujibu.

Tangi nalo lina mambo yake. Kwanza, lilibeba nini zamani? Kuna matangi ya maji taka ambayo yameoshwa na kupakwa rangi ya samawati. Kuna ya petroli na dizeli. Mtu atasema hii ni ya mbuzi tu. Huko malishoni hakuna maji ya mbuzi na maji ya watu. Mchungaji atakinga kwa mkono, mama atajaza mtungi, mtoto atakunywa kwenye bomba lile lile. Tangi lisilofaa kwa mtoto lisiingie kwenye orodha yetu kabisa. Na lile la petroli lina hatari nyingine: mvuke wa mafuta hukaa kwenye kutu na kwenye maungio kwa muda mrefu, na fundi akileta moto wa kuchomelea linaweza kulipuka. Watu hufa hivyo.

Pili, chunguza ndani. Tangi zuri lina mabati ya kukata mawimbi, yenye matundu, yaliyosimamishwa kukingama. Bila hayo, maji yakiwa nusu tangi hukimbia mbele dereva akikanyaga breki na hukimbia upande akikata kona, na lori linalala. Nusu tangi ni hatari zaidi kuliko tangi lililojaa, na kila safari ya kugawa maji kituo baada ya kituo ina saa za nusu tangi. Fungua mfuniko wa juu, ingiza tochi. Nimesikia pia pendekezo la kuchukua lori la mbuzi na kulifungia tangi kubwa la plastiki kwa kamba. Nawaomba wanaolipendekeza wafikirie dereva aliye kijana wetu, kwenye mteremko, na tani kadhaa za maji zinazoteleza juu ya mbao nyuma ya kichwa chake.

Kwa haya yote hatuhitaji kwenda mbali. Mafundi wa Kariobangi Light, jirani zetu, wanatengeneza matangi, wanajua unene wa bati unaofaa na jinsi ya kufunga fremu ndogo kati ya tangi na chesisi ili chesisi isivunjike. Mara nyingi itakuwa afadhali kununua lori zuri lisilo na tangi na kuwapa wao kazi ya kutengeneza tangi jipya, kuliko kununua tangi bovu lililopewa lori la kulisindikiza.

Karatasi. Naomba hapa wazee wanisikilize kwa subira, kwa kuwa jambo hili linagusa heshima. Lori lisiandikwe kwa jina la mtu mmoja, hata awe mwaminifu kiasi gani. Mtu huyo akifariki, Mungu amlinde, gari linaingia kwenye mirathi yake na warithi wana haki kisheria. Sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya 2022 inatuwezesha kusajili kikundi chetu kihalali. Wakitaka wengi iwe kampuni au ushirika, sawa pia. Gari liandikwe kwa jina la chombo hicho. Kabla ya kulipa, rekodi ya gari itafutwe kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, kupitia eCitizen ili tujue mwenyewe ni nani, na namba ya chesisi na ya injini zilinganishwe na zilizo kwenye chuma. Kisha itafutwe kwenye rejesta ya dhamana za mali inayohamishika, iliyowekwa na sheria ya 2017, tuone kama kuna mkopeshaji mwenye dai juu ya lori hilo. Malori mengi yamewekwa kuwa dhamana ya mikopo, na mwenye deni akishindwa kulipa, dalali wa mnada hatauliza kama tangi lilikuwa la sadaka.

Tusilikodishe lori kwa kazi ya serikali ukame ukiwa umepamba moto. Najua kishawishi hicho kitakuja, kwa sababu wakati huo kaunti hutafuta malori ya maji na bei inayotajwa ni nzuri. Malipo ya kaunti huchelewa, mara nyingine kwa miaka, na dizeli ya kazi hiyo itatoka kwenye akiba yetu. Miezi ya mvua ni jambo jingine. Lori likae Marsabit, lifanye kazi ya kulipwa papo hapo, kupeleka maji kwa wajenzi na kwa shule, lijipatie matairi yake.

Malishoni kwenyewe tusilifanye lori kuwa birika. Likifika lishushe maji kwenye tangi la ardhini au la turubai, liondoke. Lori linalosubiri mbuzi wanywe mmoja mmoja hupoteza nusu siku na safari ya pili haipo tena. Hiyo inamaanisha tununue pia matangi ya kuhifadhia, pampu ya petroli na mabirika ya kunyweshea, na fedha zake zihesabiwe tangu sasa. Ngamia wasinyweshwe na lori. Ngamia anaweza kukaa siku 10 na zaidi, kisha akanywa lita 100 kwa mara moja. Miguu yake imeumbwa kwenda kisimani. Maji ya lori ni ya watu, ya mbuzi na kondoo wenye kunyonyesha, ya ndama, na ya wanyama dhaifu ambao hawawezi kutembea.

Na nani atanywesha kwanza? Wazee wetu waliochimba visima virefu vya tula huko Dirre, upande wa Ethiopia, waliliweka jambo hili sawa zamani sana. Kila kisima kina abba herega, anayesimamia zamu: kundi la nani leo, la nani kesho, mgeni aliyefika na kiu aingizwe wapi. Watu hushika zamu hiyo hata wakiwa na hasira. Lori letu linahitaji mtu wa namna hiyo, aliyechaguliwa na wafugaji wenyewe kule malishoni. Asiwe dereva, wala asiwe mmoja wetu anayepiga simu kutoka Kiamaiko akitaka mbuzi wa mjomba wake watangulie. Nalisema hili wazi kwa sababu simu hizo zitapigwa, na zitaanza na waliotoa mchango mkubwa.

Kuna kitu kimoja tunachokiweza sisi wa soko kuliko shirika lolote, nacho ni kununua mapema. Mwaka 2006, ukame ulipokaza upande wa Moyale ya Ethiopia, wafanyabiashara waliwezeshwa kuingia na kununua ng'ombe takriban 20,000 wakiwa bado wana nyama na thamani. Familia zilipata fedha za chakula na za kuwatunza wanyama waliobaki. Lori la maji haliwezi kuokoa kila mnyama, na tukilituma kwa nia hiyo tutashindwa. Lakini tukiwanunua mabeberu na wale wasiozaa kwa bei ya haki mwezi wa kwanza wa ukame, maji yaliyobaki yatatosha majike ya kuzaa, yale yatakayorudisha kundi baada ya mvua. Faida ya mwezi huo tuipunguze kwa hiari yetu. Dalali anayengoja mfugaji akate tamaa ili anunue kwa bei ya ngozi asisimame kwenye mkutano wetu akisema anachangia maji.

Ninaloomba ni kikao kimoja kabla amana haijalipwa kwa muuzaji yeyote. Waitwe wazee wa malisho kutoka Hurri na Maikona, na wengine mtakaowaona wanafaa. Aje fundi mmoja wa malori asiye na gari la kuuza, na akina mama wa matumbo wawe na sauti sawa na wenye vichinjio, kwa kuwa shilingi zao zimo humo na hesabu zao huwa safi kuliko zetu. Siku hiyo tuandike malisho ni yapi, kilomita ni ngapi, kisima ni cha nani na kinatoa lita ngapi kwa saa, abba herega ni nani, na shilingi ngapi zinabaki benki lori likishanunuliwa. Karatasi hiyo isomwe kwa Kiswahili na kwa Kiborana, ibandikwe sokoni mahali kila mtu anapopita. Mvua fupi ya Hagaya ikishindwa mwaka huu hatutakuwa na muda wa kuliandika hilo, kwa hiyo tukutane kabla mwezi huu haujaisha.

Wenu katika kazi,
Mfanyabiashara wa mbuzi, Kiamaiko